Mabao 11 kwa bila: shajara ya mradi wa watoto wetu wa Makorora

Jumamosi, 5 Julai 2025

Tumefungwa 11–0. Naanza na matokeo nisije nikayazunguka.

Timu yetu ni ya watoto wa chini ya miaka 13, wa mtaani kwetu Makorora hapa Tanga. Wako 18: wavulana 16 na wasichana wawili. Tunafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi saa kumi na nusu jioni, Jumamosi tunacheza tukipata wa kucheza nao. Leo tulialikwa na timu ya upande wa pili wa mji, timu yenye mipira mingi na jezi za aina mbili. Dakika 30 kila kipindi. Tulikwenda mapumziko tukiwa tumeshafungwa manne, tukarudi tukaongezwa saba.

Nilipiga kelele kuanzia bao la kwanza. Panda! Kaba! Piga mbele! Kufikia bao la nane sauti ilikuwa imekauka, na watoto walikuwa wameacha kuniangalia. Kipyenga cha mwisho kilipolia nikakusanya koni na mipira, nikaenda moja kwa moja kuzungumza na mwenye daladala habari za nauli. Ndani ya gari hakuna aliyeimba. Hawa watoto huimba hata wakifungwa.

Tulipofika mtaani habari ilikuwa imetutangulia. Watoto wa mtaa wa jirani walisimama kando ya barabara wakainua mikono yote miwili, vidole vimetanuliwa, kisha mmoja akaongeza kidole. Tangu Yanga ilipoifunga Simba 5–1 tarehe 5 Novemba 2023, kila mtoto anajua mkono maana yake nini. Sisi tulipewa mikono miwili na kidole.

Jumapili, 6 Julai

Usiku nilikuwa natafuta wa kumlaumu. Beki wa kulia aliyekuwa anatembea. Wenyeji waliokuja na wavulana wawili wenye vifua vya watu wazima. Mwamuzi. Jua.

Asubuhi baba wa mtoto mmoja akaweka matokeo kwenye grupu la wazazi la WhatsApp, na vikaragosi vya kucheka. Nilimpigia nikamwomba ayafute, akayafuta bila ubishi. Hakuwa na nia mbaya. Alisahau tu kwamba watoto hushika simu za mama zao.

Mchana akaja dada wa namba 5, yuko kidato cha pili, na simu yake. Alikuwa amerekodi mechi tangu mwanzo mpaka chaji ilipoisha dakika ya 52. Tukakaa barazani na daftari. Kila bao tulilirudisha nyuma mpaka pale mpira ulipotoka mikononi mwetu, tukaandika ulitokaje. Bao la mwisho, la dakika ya 58, tuliliandika kwa kumbukumbu.

Manne yalitokana na goli kiki yetu wenyewe. Kipa anapiga, mpira unafika mita kama kumi na tano, mchezaji wao amesimama palepale anausubiri, na kabla ya sekunde kumi kwisha uko wavuni. Mara nne! Matatu yalipita juu ya kichwa cha kipa, mashuti ya mbali ambayo hayakuwa hata makali. Mawili yaliingia ndani ya dakika moja baada ya bao lililotangulia, sisi tukiwa bado tunanyoosheana vidole. Moja la kona. Moja tulijifunga, beki akijaribu kuokoa.

Nikahesabu tena. Mabao 9 kati ya 11 yana sababu tatu tu. Jana, pale pembeni mwa uwanja, ningeapa kwamba tumezidiwa kila kitu.

Kwa hiyo naanza mradi. Wenyeji wetu wamekubali turudiane tarehe 20 Septemba. Mpaka siku hiyo nitaandika mambo matatu kila wiki: wamekuja watoto wangapi, goli kiki zetu ngapi zimebaki miguuni mwetu, na nini kinatokea dakika tatu za kwanza baada ya kufungwa. Nimehesabu za jana kwenye video: goli kiki 17, zilizobaki kwetu 2.

Jumanne, 8 Julai

Wamekuja 9 kati ya 18. Kipa hakuja.

Nilikuwa nimepanga kuwakimbiza, kama nilivyokimbizwa mimi kila tulipofungwa shuleni. Nilipowaona tisa wale wamekaa kwenye kivuli cha mwembe bila hata mmoja kugusa mpira, nikaacha. Aliyekuja leo amekuja licha ya mikono miwili na kidole. Kumpa adhabu ya mizunguko ni kumwadhibu kwa kuja.

Leo ni tarehe 8 Julai. Siku kama ya leo mwaka 2014, Brazil ilifungwa 7–1 na Ujerumani nyumbani kwao, nusu fainali ya Kombe la Dunia. Hawa walikuwa bado hawajazaliwa au wachanga mno, lakini baba zao wanaikumbuka. Nikawasimulia kitu kimoja tu: mabao manne kati ya hayo saba yaliingia kuanzia dakika ya 23 mpaka ya 29. Watu wazima, mabingwa mara tano wa dunia, walifungwa, wakaanza mpira kati kwa pupa ili warudishe haraka, wakapokonywa, wakafungwa tena. Namba 8 akasema, "Kama sisi, la pili na la tatu." Ndiyo. La pili lilikuwa dakika ya 14, la tatu dakika ya 15.

Tukafanya zoezi moja jioni nzima. Mnafungwa bao (naupeleka mpira wavuni mwenyewe kwa mkono), kisha: beki mmoja anautoa mpira wavuni, anautembeza hadi kati, hakimbii. Wote wanagusana mikono. Mpira unaanzwa kwa kurudi nyuma, jambo ambalo sheria inaliruhusu tangu 2016, na timu inauweka kwa pasi sita kabla ya mtu yeyote kuvuka kati. Mara ya kwanza walicheka. Mara ya kumi hawakucheka, walikuwa wanahesabu pasi kwa sauti.

Alhamisi, 10 Julai

Kabla ya mazoezi nilikwenda kwa kina kipa. Anaishi na bibi yake, ambaye wakati huo alikuwa anakaanga bajia za jioni mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Jezi yenu ile pale."

Ilikuwa ndani ya kikapu, imekunjwa, na udongo wake wa Jumamosi. Bibi akasema amemwomba mara mbili aifue, mtoto amekataa: jezi hairudi uwanjani, ya nini kuisumbukia. Kisha akageuza bajia, bila kuniangalia: "Ameniambia kocha hakumpa mkono."

Nilijua mara moja anasema nini. Baada ya kila mechi, tumeshinda au tumefungwa, nampa mkono kila mtoto kabla hajavua viatu. Jumamosi nilikwenda kwa mwenye daladala. Watoto 18 walisubiri mkono, na mmoja wao alikuwa ametoka kuokota mpira wavuni mara kumi na moja.

Kipa akatoka ndani. Nikampa mkono. Nikamuuliza jambo ambalo ningepaswa kumuuliza siku ileile: aliona nini kutoka golini?

"Nilikwambia mapumziko, Kocha. Nilikwambia mpira wangu haufiki, nikipiga nawapa wao. Ukaniambia piga kwa nguvu."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Lakini ni kweli, nilimwambia hivyo, na nilimwambia nikiwa nimeshampa mgongo. Jambo ambalo mimi na dada wa namba 5 tulilitafuta kwenye video saa nzima, huyu mtoto wa miaka 12 alikuwa nalo tayari dakika ya 30, na akalileta kwangu. Mabao mawili kati ya yale manne ya goli kiki yaliingia baada ya mazungumzo hayo.

Nikamwambia, "Ulisema kweli, mimi sikukusikiliza. Nisamehe." Nilimwambia mbele ya bibi yake, na nilitaka bibi asikie. Hakuniahidi kurudi. Bibi akanifungia bajia kwenye gazeti, akakataa hela.

Mazoezini walikuja 12.

Jumamosi, 12 Julai

Kipa amerudi. Jezi imefuliwa, mishono bado ina unyevunyevu.

Leo hatukuwa na mechi, tulikuwa na futi ya fundi cherehani. Tumepimana urefu ukutani. Mfupi wetu ana sentimita 131, mrefu 158. Kipa ana 139. Akiinua mkono anafika mita 1.77, akiruka 2.03. Mtambaa panya wa goli la watu wazima uko mita 2.44 kutoka ardhini. Namba 7, ambaye ni msichana na ndiye mkali wetu wa hesabu, akatoa: sentimita 41. Nikawaambia goli lina upana wa mita 7.32, akazidisha mchangani kwa kijiti. Mita tatu za mraba za goli ambazo kipa wetu hafiki hata aruke vipi.

Kukawa kimya. Kisha beki wa kulia, yule niliyetaka kumlaumu, akamwambia kipa, "Kumbe yale matatu hayakuwa yako."

Watoto wa Uingereza wa miaka 11 na 12 huchezea goli la upana wa mita 4.88 na kimo cha mita 2.13, tisa kwa tisa. Sisi tunawaweka watoto kwenye goli la wakubwa kwa sababu ndilo lililopo, halafu tunahesabu mabao kana kwamba ni yao peke yao.

Jambo la pili la leo: goli kiki. Tangu Juni 2019 sheria imebadilika, mpira unahesabika uko mchezoni mara tu unapopigwa na kusogea. Hauhitaji tena kutoka nje ya kumi na nane, yaani eneo la penalti mbele ya goli. Wapinzani lazima wakae nje ya eneo hilo mpaka upigwe. Watoto hawakulijua hilo, nami nilikuwa nalijua kwa kulisikia redioni bila kulifikisha kwenye kiwanja chetu. Tukachora kumi na nane kwa majivu. Beki mmoja kushoto ndani ya eneo, mmoja kulia, kipa anampa aliye huru, na kiungo anashuka kuupokea. Mara ya kwanza tulijifunga wenyewe. Mara ya nne ulitoka. Jioni ilipoingia kipa ndiye aliyekuwa anawapanga wenzake, anawaelekeza kwa kidole.

Jumanne, 15 Julai

Wamekuja 15. Goli kiki, goli kiki, goli kiki. Mvua kidogo.

Jumamosi, 26 Julai

Mechi ya kwanza tangu siku ile, na timu ya jirani ambayo hutufunga kila mara, ila si kwa mafuriko. Niliomba kwa kocha wao tujaribu kanuni inayotumika kwenye ligi nyingi za watoto huko Uingereza: timu ikizidiwa mabao manne, inaongeza mchezaji mmoja mpaka pengo lipungue. Akakubali.

Dakika ya 37 tulikuwa nyuma 4–0. Nikamwita namba 8 aingie kama mtu wa ziada. Akakataa. Alisimama pembeni mikono nyuma, macho chini, akasema hataki kuingia kwa huruma. Akaingia mwingine, mechi ikaisha 5–2.

Baada ya mkono (sisahau tena mkono) tukakaa chini. Huu sasa ndio utaratibu: dakika kumi za kwanza wanasema wao, mimi naandika tu, siruhusiwi kujibu. Wakabishana kuhusu mtu wa ziada. Wengine waliona sawa, wengine walikuwa upande wa namba 8. Namba 7 akauliza, "Na sisi tukiwa mbele nne, wao wanaongezewa?" Nikasema ndiyo. Namba 8 akafikiri. "Hapo sawa. Hapo ni sheria, si huruma."

Nimekaa nalo neno hilo jioni yote. Sisi wakubwa hufikiri mtoto anaumizwa na namba. Huyu aliumizwa na kutokujua kama anaheshimiwa.

Goli kiki 16, zilizobaki kwetu 9. Baada ya kufungwa, mara moja tu tuliongezwa ndani ya dakika tatu.

Jumamosi, 2 Agosti

Hakuna aliyetaka kucheza. CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nchini mwao, imefunguliwa leo kwa Mkapa, Taifa Stars na Burkina Faso, nasi tumeangalia pamoja kwenye kibanda umiza. Tumeshinda 2–0. Kipa wetu muda wote hakuwa anaangalia mpira, alikuwa anaangalia makipa, wanasimama wapi wakati mpira uko upande wa pili.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekutana na kocha wa ile timu iliyotufunga 11. Ni mkubwa kwangu kwa umri. Nilimwomba tuonane kijiweni, tukanywa kahawa na kashata.

Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga. Akaniwahi. Akasema siku ile, bao la sita lilipoingia, alitaka kuwaambia watoto wake waache kufunga. "Halafu nikafikiri: wakianza kuzungushiana pasi na watu pembeni wanahesabu na kucheka, wako wataumia zaidi."

Namuunga mkono, na nimelifikiria sana hili. Mtoto aliyefungwa bao la kumi na moja na mpinzani anayecheza kwa bidii amechukuliwa kuwa mshindani mpaka mwisho. Mtoto anayezungushiwa mpira dakika ishirini anajua amegeuzwa mchezo. Kama pengo ni kubwa, kazi ya kulipunguza ni ya wakubwa waliopanga mechi: ukubwa wa goli, idadi ya wachezaji, nani anacheza na nani. Mshambuliaji wa miaka 12 asiambiwe ajifanye hajui kufunga. Norway kwenye michezo ya watoto hawaweki matokeo rasmi wala misimamo ya ligi mpaka mwaka ambao mtoto anatimiza 11. Kwa wadogo wa miaka saba, minane, naona wana haki. Wangu wa miaka 12 wanahesabu wenyewe, ukiwaficha matokeo watayaandika mchangani.

Kisha nikaleta suala la wale wawili wenye vifua. Sikusema neno udanganyifu, lakini alilisikia. Akatoa simu akanionyesha picha za vyeti vyao vya kuzaliwa. Wote wawili wamezaliwa Januari. Wangu wengi, nilipokwenda kuangalia, ni wa Oktoba, Novemba, Desemba. Wote ni wa kundi moja la umri kwa karatasi, lakini wanapishana karibu mwaka mzima, na katika umri huu mwaka mmoja ni kitu kikubwa: mvulana mmoja ameshaanza kubalehe, mwenzake bado ana sauti ya chekechea. Nilimwomba radhi mzee wa watu kwa nilichokuwa nimekifikiri kwa wiki tano.

Tumekubaliana hivi kwa tarehe 20 Septemba: ndani ya kila goli tutasimika miti miwili ya mkaratusi, mita 4.88 kutoka mmoja hadi mwingine, na kamba ya katani juu, mita 2.13. Ukipita juu ya kamba si bao. Kamba ya katani hapa Tanga si ya kutafuta. Na mtu wa ziada pengo likifika manne, kwa timu yoyote.

Jumamosi, 16 Agosti

Sare, 2–2. Goli kiki 12, tisa zimebaki. Wameimba njia nzima.

Jumamosi, 30 Agosti

6–0.

Nilidhani tumeshavuka. Darasa la saba wote wako kambini wakijiandaa na mtihani, kwa hiyo nilikosa watoto sita, akiwemo namba 8 na mabeki wote wawili wa kati. Ningeweza kuahirisha mechi. Sikuahirisha, kwa sababu ya ile sare: nilitaka nyingine haraka. Nikajaza nafasi kwa watoto wa miaka tisa na kumi ambao hawajawahi kufanya zoezi la goli kiki hata mara moja. Goli kiki 13, zilizobaki 3. Kosa ni langu, na kwenye kikao nililisema kabla ya dakika zao kumi kuanza.

Jioni niliwasimulia habari za Samoa ya Marekani. Tarehe 11 Aprili 2001, kwenye mji wa Coffs Harbour, walifungwa na Australia 31–0, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Mchezaji mmoja, Archie Thompson, alifunga 13 peke yake. Watoto walipiga kelele. Lakini nilitaka wasikie kilichotangulia: wachezaji wao wa kawaida walikuwa wamezuiwa kwa sababu ya hati za kusafiria, akabaki mmoja tu kati yao, kipa Nicky Salapu. Vijana wa chini ya miaka 20 ambao wangeziba pengo walikuwa na mitihani ya sekondari. Wakaenda na waliopatikana, wakiwemo watatu wa miaka 15.

"Mitihani," akasema namba 7. "Kama darasa la saba."

Nikawaambia na kilichofuata. Habari ya Salapu haikuishia hapo. Novemba 2011, miaka kumi baadaye, alikuwa golini Samoa ya Marekani ilipoifunga Tonga 2–1, ushindi wao wa kwanza kabisa kwenye mechi inayotambuliwa na FIFA. Kipa wetu aliuliza swali moja: baada ya zile 31, alirudi tena kudaka? Alirudi kudaka.

Jumamosi, 6 Septemba

Tumepumzika, lakini namba 7 alikuja nyumbani na mwenzake kuchukua mpira. Nilikuwa nimemwekea habari yake. Oktoba 2022, Serengeti Girls walikwenda Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 kule India, wakiwa na kocha Bakari Shime. Mechi ya kwanza, tarehe 12, Japan wakawafunga 4–0. Tarehe 15 wakaifunga Ufaransa 2–1. Tarehe 18 sare ya 1–1 na Canada, wakaingia robo fainali, ambako Colombia iliwatoa kwa 3–0.

Nilitarajia aulize habari ya Ufaransa. Yeye alihesabu siku. "Walikuwa na siku tatu. Sisi mpaka tarehe 20 tuna kumi na nne." Akachukua mpira akaondoka.

Jumamosi, 13 Septemba

Mtihani umekwisha juzi. Wamekuja wote 18, na wawili wapya ambao sikuwaita. Namba 8 amerefuka kambini, naapa. Tulicheza wenyewe kwa wenyewe na magoli ya kamba. Kipa alipangua shuti la juu, akaigusa kamba kwa vidole, akabaki amesimama anaitazama inavyotikisika.

Jumamosi, 20 Septemba

Tumefungwa 4–1.

Miti na kamba tulivisimika saa mbili asubuhi pamoja na wenyeji. Watoto wa pande zote mbili walishika futi. Mwamuzi alitaka kukataa goli kiki yetu ya kwanza, ile ya kumpa beki ndani ya kumi na nane, nikamwonyesha sheria kwenye simu, naye kocha mwenzangu akasema iko hivyo. Goli kiki 14, zilizobaki kwetu 11. Mashuti matano yalipita juu ya kamba. Tulipofungwa, kila mara namba 5 alikwenda wavuni akauokota mpira, akautembeza mpaka kati, wakagusana mikono. Hakuna bao lililofuatwa na jingine ndani ya dakika tatu. Pengo halikufika manne, mtu wa ziada hakuhitajika.

Bao letu: goli kiki, kushoto, kiungo, namba 7, krosi, namba 8 kwa kichwa. Nimeliandika hapa kwa mpangilio wake kwa sababu lilianzia kwa kipa.

Nikawapa mkono wote. Wachezaji wawili wa Januari walikuja kukaa kwenye duara letu bila kualikwa, hatukuwafukuza. Dakika kumi zikaanza. Beki wa kulia akasema mawili kati ya manne ni ya kona, na kwenye kona zote mbili hakuna aliyesimama nguzo ya pili. Mmoja wa Januari akatikisa kichwa kukubali: wao wameambiwa wapige hapo. Namba 8 akasema amechoka kipindi cha pili, kambini walikuwa hawakimbii. Kipa alisubiri wote wamalize.

"La tatu ni langu. Nilitoka, halafu nikarudi. Ningetoka moja kwa moja."

Nilitaka kumwambia lilikuwa gumu. Lakini dakika kumi zilikuwa hazijaisha, sikuruhusiwa kujibu. Nikaandika: la tatu, kutoka na kurudi. Kona, nguzo ya pili. Jumanne, saa kumi na nusu.